Kijiji Kilichotengeneza Sinema Yake



Kaskazini kabisa mwa nchi ya Kanada kuna kisiwa kiitwacho Igloolik. Baridi ya huko ni kali sana. Kwa miezi mingi bahari huganda ikawa barafu, na watu hupita juu yake kwa miguu. Wenyeji wa huko ni Wainuit. Tangu zamani waliishi kwa kuwinda wanyama wa baharini na wa nchi kavu. Historia yao na mafunzo yao hayakuandikwa. Wazee waliwasimulia watoto, na watoto walipokua waliwasimulia watoto wao.

Leo Igloolik ni kijiji chenye watu wapatao 2,000. Katika somo hili tutaona jinsi wanakijiji hao walivyopata kusimulia habari zao kwa sinema, na ni msaada gani uliohitajika.

Sinema ya mgeni

Mwaka 1922 Mmarekani aitwaye Robert Flaherty alitoa sinema juu ya Wainuit wa sehemu nyingine ya Kanada. Iliitwa Nanook of the North. Aliyelipa gharama ni kampuni ya biashara ya ngozi. Sinema hiyo ilisifiwa katika nchi nyingi.

Lakini yule mwindaji aliyeitwa Nanook, jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Wainuit wa wakati ule walikuwa tayari wanatumia bunduki, lakini Flaherty alitaka wawinde kwa chusa kama mababu zao. Nyumba ya theluji iliyoonyeshwa ilijengwa nusu tu, ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Watazamaji hawakuelezwa mambo hayo. Wainuit walifanya kazi kubwa katika sinema hiyo, lakini neno la mwisho lilikuwa la mgeni.

Wanakijiji wapiga kura

Katika miaka ya 1970 televisheni ilianza kupelekwa kaskazini mwa Kanada kwa njia ya setilaiti. Watu wa Igloolik walijadiliana, kisha wakapiga kura. Mwaka 1975 waliikataa televisheni. Mwaka 1979 waliikataa tena. Sababu yao ilikuwa moja: hapakuwa na vipindi katika lugha yao ya Kiinuktitut. Walihofia kwamba watoto wangeacha lugha na mila zao.

Je, watu hawa walikataa maendeleo? La. Waliikubali televisheni mwaka 1983. Wakati huo Wainuit walikuwa wamekwisha anzisha shirika lao la utangazaji, lenye vipindi kwa lugha yao. Walichokikataa ni kuwa watazamaji tu wa mambo ya wengine.

Kazi yaanza

Mmoja wa wanakijiji hao ni Zacharias Kunuk. Alikuwa mwindaji na mchongaji wa vinyago vya mawe. Mwaka 1981 alikwenda mji wa Montreal, akauza vinyago vyake, na kwa fedha hizo akanunua kamera. Baadaye yeye na mwenzake Paul Apak Angilirq walifanya kazi katika shirika lile la utangazaji la Wainuit. Huko walipata ujuzi zaidi.

Mwaka 1990 Kunuk, Apak, mzee Pauloosie Qulitalik na Norman Cohn, aliyetoka New York, walianzisha kampuni yao hapo Igloolik. Waliiita Isuma, maana yake ni fikra.

Waliamua kutengeneza sinema ya hadithi ya kale ya Atanarjuat, mtu mwenye mbio sana, aliyewakimbia wauaji wake juu ya barafu akiwa uchi. Apak aliwaendea wazee wanane, akarekodi kila mmoja alivyoisimulia. Kutokana na masimulizi hayo, mchezo uliandikwa kwa Kiinuktitut.

Kisha fedha zikapungua na kazi ikasimama. Serikali ilikuwa na mfuko wa kusaidia sinema, lakini fungu la wenyeji wa asili lilikuwa dogo kuliko lile la sinema za Kiingereza na Kifaransa. Kunuk na wenzake walilalamika kwamba huo si usawa. Mwishowe shirika la filamu la taifa liliingia ubia nao, na kazi ikaendelea. Kwa bahati mbaya Apak alifariki mwaka 1998, kabla sinema haijakamilika.

Wanakijiji walishiriki kwa wingi. Wanawake walishona nguo za ngozi kwa namna ya kale. Wazee walisahihisha maneno na matendo. Hivyo vijana walijifunza ufundi uliokuwa unapotea.

Sinema ilipokamilika, watu wa Igloolik walionyeshwa kwanza, Desemba 2000. Mwaka 2001 ilipelekwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, ikapata tuzo linalotolewa kwa sinema ya kwanza ya mwongozaji. Mwaka 2002 ilipata tuzo la filamu bora ya Kanada. Watu wa nchi nyingi waliitazama kwa tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Lugha ya Wainuit haikuondolewa.

Msaada ulio bora

Tunajifunza kwamba anayetaka kusimulia habari za watu wake kwa sinema huhitaji mambo manne. Kwanza, vyombo vya kazi. Pili, mafunzo. Tatu, fedha zinazogawiwa kwa haki. Nne, mahali pa kuonyesha kazi yake. Hili la nne husahauliwa mara nyingi. Sinema iliyofungiwa sandukuni haimfundishi mtu. Ndiyo maana mwaka 2021 ilianzishwa Uvagut, televisheni inayotumia lugha ya Wainuit.

Lakini msaada usimnyang'anye mwenye hadithi neno la mwisho. Atoaye fedha asichague kipi kisemwe na kipi kifichwe. Na sisi watazamaji tuna wajibu wetu: tuulize ni nani aliyetengeneza picha tunayoonyeshwa, na kama wanaoonyeshwa walikubali.

Mambo ya kujadili

1. Kwa nini watu wa Igloolik waliikataa televisheni mara mbili?
2. Kuna tofauti gani kati ya sinema ya mwaka 1922 na ile ya Atanarjuat?
3. Kwa nini Apak aliwasikiliza wazee wanane, wala si mmoja?
4. Ni hadithi gani ya hapa kijijini inayojulikana na wazee wachache tu? Chagueni mmoja wenu aende kuisikiliza na kuiandika kabla ya somo lijalo.