Elevateri ya bateri: kwa nini kontakteri ya kubadilisha haiko yoyote ile

Katika depo, elevateri ya bateri, ile mashini yenye kunyanyua mizigo, inaweza kusimama kwa sababu ya pyesi moja ndogo: kontakteri. Bosi anataka kazi iendelee siku ileile, na fundi anaambiwa atafute pyesi yoyote kwenye soko. Hapo njo hatari inaanza.

Kazi yake ni gani?

Kontakteri ni swichi kubwa. Dereva akigeuza ufunguo, kurani kidogo inaingia katika bobini. Bobini inakuwa sumaku, inavuta chuma, na vipande vya kugusana vinaunganisha bateri na moteri. Bobini ikikosa kurani, resori inaachanisha vile vipande na mashini inasimama.

Lakini kila mara vipande vinaachana chini ya muzigo, cheche inatoka. Mwishowe vinaweza kuyeyuka na kushikana. Katika mashini za zamani zenye kontakteri ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma, elevateri inaweza kuendelea kutembea hata dereva ameondoa muguu. Na kama buto nyekundu inakata tu kurani ya bobini, kuibonyeza hakusaidie kitu. Inabakia kuvuta prizi kubwa ya bateri, na mbiyo.

Ya moulin haifae

Kurani ya SNEL ni ya 50 Hz: inapita kwenye sifuri mara 100 kwa segonde, na hiyo inasaidia cheche kuzimika. Kurani ya bateri haipite kwenye sifuri hata mara moja. Kwa hiyo kontakteri ya moulin ao ya pompi ya maji, hata ikiandikwa ampere zilezile, inaweza kuungua haraka kwenye elevateri. Ile ya bateri mara nyingi iko na sumaku ndogo za kusukuma cheche pembeni. Ikiwa na alama + na −, usizigeuze.

Mbele ya kununua

Soma volti kwenye bobini yenyewe. Transpaleti nyingi zinatumia bateri ya 24 V; elevateri, 36, 48 ao 80 V. Lakini kuna mashini zenye kupunguza volti ya bobini, kwa hiyo bateri peke yake haitoshe kukuonyesha. Angalia tena ampere, na kama imeandikwa ni ya kurani ya bateri (DC).

Kupiga lima vipande vyenye kuungua si dawa: unaondoa ile ngozi ya feza yenye kuvilinda. Na kuunganisha waya moja kwa moja ni kuondoa freni ya mwisho ya umeme.

Tafuta pia chanzo. Bateri yenye kuzimika inafanya bobini ishike kwa uzaifu, vipande vinatetemeka na kuungua. Rezistansi ndogo ya kujaza kondensateri za kontroleri ikikufa, kontakteri mupya inaweza kushikana siku ya kwanza.

Wakati wa kazi, toa prizi ya bateri, vua pete na saa, ngoja na upime kama kondensateri zimeishiwa kurani. Mbele ya kujaribu, nyanyua magurudumu yenye kuvuta yasiguse chini na uweke vishikizo vya nguvu. Muzigo unaweza kungoja siku mbili. Mutu mwenye kukanyagwa hangoje.