Baridi ya Julai haitoki mlimani

MWEZI wa Julai ukibisha hodi, wakazi wa Thika na Ruiru hawahitaji kutazama kalenda. Alfajiri, abiria hungojea matatu wakiwa wamejikunyata ndani ya majaketi ya mitumba, watoto wa shule wameficha mikono katika sweta, na muuza uji hana nafasi ya kupumzika.

Wengi huitupia lawama theluji ya Mlima Kenya. Naam, asubuhi isiyo na mawingu kilele hicho cha mita 5,199 huonekana kutoka Thika. Lakini theluji hiyo inaonewa bure. Barafu ya mlima imekuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka, na baridi yetu ingalipo.

Chanzo chake kiko mbali. Kuanzia Juni hadi Agosti, jua huwa limehamia kaskazini ya ikweta, na nusu ya kusini ya dunia huwa katika majira ya baridi. Upepo wa kusi, ule ule wanaoujua mabaharia wa Mombasa na Lamu, huvuma kutoka huko ukibeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Ukifika nyanda za juu hulazimika kupanda, kwani Thika iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Unapopanda hupoa, na unyevu ule hugeuka mawingu mazito yanayoliziba jua. Ndiyo maana Julai ina baridi nyingi lakini mvua yake ni manyunyu tu.

Je, theluji yaweza kutuangukia? La hasha. Hata ule weupe uliofunika ardhi karibu na Nyahururu mnamo Septemba 2008, wataalamu walieleza kuwa ni mvua ya mawe.

Hatari ya majira haya, msomaji, haiko nje. Iko chumbani. Katika nyumba za kupanga za chumba kimoja, familia huingiza jiko la makaa, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, usingizi humchukua, na huenda asiamke tena.

Kwa hivyo mzazi, ukipika kwa makaa fungua mlango na dirisha, na jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaelekea kuzimika. Mtu akilalamika kichwa ghafla penye jiko, mtoeni nje apate hewa safi, kisha mumkimbize hospitalini.

Kusi itatulia na jua litarudi. La muhimu ni kwamba siku hiyo tuwepo sote kuliota.