Nusu Siku ya Mji Mkongwe kwa Abiria wa Meli

Kaskazi ikianza kuvuma, meli za kitalii nazo huanza kuonekana mbele ya Forodhani, Unguja. Msimu wake katika bahari yetu huanza Novemba hivi na kumalizika Aprili, masika yanapokolea. Upepo huo huo wa kaskazi ndio uliosukuma majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi kwa karne nyingi, na wafanyabiashara wake walikaa Unguja miezi kadhaa wakisubiri kusi iwarudishe kwao. Abiria wa leo hana miezi. Anashuka baada ya kifungua kinywa na anatakiwa awe amerudi melini kabla ya magharibi. Namna anavyozitumia saa hizo ndiyo inayoamua kama ameiona Zanzibar au ameona bandari yake tu, na ndiyo inayoamua pia fedha zake ngapi zitabaki hapa.

Akishuka, ana njia tatu. Anaweza kununua ziara melini, akapandishwa basi pamoja na wenzake thelathini au arobaini. Anaweza kutoka getini peke yake na kukutana na mapapasi, wale vijana wasio na leseni wanaowavizia watalii. Au anaweza kuwa amekwisha kuagiza, wiki kadhaa kabla, ziara binafsi ya nusu siku: gari moja, dereva mmoja na muongoza watalii mmoja, kwa ajili yake na jamaa zake wachache. Hii ya tatu ndiyo ninayoieleza hapa, kwa sababu ndiyo inayompa mwenyeji kipato kizuri zaidi, na ndiyo inayoharibika upesi ikipangwa ovyo.

Tuanze na fedha. Ziara inayouzwa melini inauzwa na kampuni ya meli. Kampuni ya hapa hupewa kazi ya kuwapokea na kuwazungusha wageni, na sehemu ya bei aliyolipa abiria hubaki kwa muuzaji wa kwanza. Katika ziara binafsi mgeni anamlipa mwenyeji moja kwa moja. Lakini ile ya melini ina jambo moja ambalo ziara binafsi haina: basi la meli likikwama njiani, meli kwa kawaida hulisubiri. Abiria aliyetoka kivyake akichelewa, meli inaondoka. Atalazimika kuifuata bandari inayofuata kwa gharama yake, pengine Mombasa, pengine Nosy Be kule Madagaska, na pengine pasipoti yake imebaki melini, kwa kuwa meli nyingi huzikusanya. Kwa hiyo anayeuza ziara binafsi anauza kwanza uhakika wa kumrudisha mtu kwa wakati. Majumba, viungo na hadithi vinakuja baada ya hapo.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Tuseme meli inafika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni. Kwenye karatasi mgeni ana saa tisa. Meli ikishatia nanga au kufunga gatini, maofisa wa afya, uhamiaji na forodha wanapanda kwanza, na hakuna abiria anayeshuka mpaka kibali kitolewe. Kisha wanatangulia walionunua ziara za melini. Meli kubwa ikiwa imetia nanga nje, watu huletwa pwani kwa boti ndogo, kundi baada ya kundi. Mgeni wako atatokea getini saa 3:30, au saa 4. Upande wa pili, saa ya mwisho ya kupanda huwa nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka, na mwenye busara anamfikisha mgeni saa nzima kabla ya hiyo saa ya mwisho. Tayari tumerudi saa 9 mchana. Ukitoa chakula na kupumzika kivulini, kwa sababu jua la Januari saa 7 mchana halimhurumii mtu aliyetoka kwenye baridi ya Ulaya, unabaki na muda wa saa nne za kazi. Hiyo ndiyo nusu siku.

Kuna hatari moja ambayo watu wa kazi hii wanaijua na wageni wengi hawaijui. Meli ina saa yake. Shelisheli na Morisi ziko mbele yetu kwa saa moja. Meli ikitoka huko, nahodha anaweza kuamua kurudisha saa nyuma au kuiacha kama ilivyo. Akiiacha, tangazo la kuondoka saa 11 jioni lina maana ya saa 10 kwa saa ya Unguja. Simu ya mgeni haimsaidii, kwa sababu ikikamata mtandao wa hapa inajibadilisha yenyewe na kuonyesha saa yetu. Ndiyo maana jambo la kwanza kufanywa getini, hata kabla ya kumkaribisha mgeni ndani ya gari, ni kumwomba karatasi ya ratiba ya meli na kuilinganisha na saa yako. Katika ujumbe wa maandishi andika 15:00, usiandike saa tisa, maana mgeni akisoma saa tisa atahesabu kwa saa zake na siku nzima itavurugika kabla haijaanza.

Ukishajua una saa nne, ramani ya kisiwa inajipunguza yenyewe. Nungwi iko kama kilomita 60 kutoka mjini, na kwenda na kurudi tu kunakula zaidi ya nusu ya muda. Jozani, nyumbani kwa kima punju, iko kama kilomita 35. Inawezekana, lakini basi uiache Mji Mkongwe, jambo ambalo sikubaliani nalo kwa mtu anayefika mara moja maishani. Changuu iko karibu, nusu saa hivi kwa boti, na watoto wanawapenda kobe wake wakubwa wa Aldabra ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mwenye watoto wadogo nitampeleka. Wengine wote nawashauri wabaki nchi kavu, kwa sababu kaskazi ikichafua bahari, safari ya kurudi haina tena uhakika.

Zinabaki sehemu mbili: mashamba ya viungo na Mji Mkongwe. Ukitaka kuzifunga pamoja, anza na shamba, kisha mji. Kanuni ni kwamba kilicho mbali kinakuwa cha kwanza, na kila hatua inayofuata inakusogeza karibu na meli. Mashamba ya Kizimbani ni nusu saa hadi dakika arobaini kwa gari, saa moja shambani, kisha kurudi. Unabakiwa na kama saa moja na nusu ya mji. Hapo gari linawashusha mtaa wa Mkunazini na kuondoka. Sehemu iliyobaki yote ni ya miguu, na huu ndio uzuri wa mpango huu: foleni ya magari ya Darajani haiwezi tena kukuzuia, na kutoka Forodhani kufuata barabara ya Mizingani hadi geti la bandari ni mwendo wa dakika kumi hivi.

Shambani, muongozaji mzuri anaacha mikono na pua ya mgeni vifanye kazi. Anabandua gome la mdalasini, anapasua kungumanga na kumwonyesha utando mwekundu wa basibasi uliolizunguka, anamweleza kwamba ua la vanila hapa linachavushwa kwa mkono wa mtu, ua kwa ua, na ndiyo sababu bei yake iko juu. Anaponda mbegu za mzingifuri na rangi inabaki kwenye vidole. Ila amwambie pia ukweli kuhusu karafuu. Zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, zikaenea chini ya utawala wa Sayyid Said, na zililimwa na watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa nchi ya karafuu. Shamba analotembezwa mgeni karibu na mji kwa kawaida limepandwa kidogo kidogo ya kila kitu ili aone. Hakuna ubaya wowote, mradi aambiwe.

Mkunazini ndipo nisipokubali mtu aharakishwe. Hapa palikuwa na soko la wazi la watumwa, lililofungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini Juni 1873. Wamisionari wa Kianglikana walianza kujenga kanisa lao papo hapo kabla mwaka huo haujaisha, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Altare inaelezwa kuwa imewekwa pale uliposimama mti wa kuchapia watu. Ndani kuna msalaba uliochongwa kutoka mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo ya shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998.

Chini ya jengo la jirani kuna vyumba vyenye dari ya chini ambavyo wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamekihoji kisa hicho. Naomba waongozaji wenzangu wakiseme hivyo. Yaliyotokea mahali hapa ni makubwa vya kutosha, hayahitaji kuongezewa chochote, na mgeni akigundua baadaye kwamba ameambiwa kitu kisicho na hakika, ataanza kushuku hata yale ambayo yana ushahidi. Dakika arobaini hapa ni kiasi cha haki. Mpe mgeni nafasi ya kunyamaza, usimsukume kwenda dukani mara tu anapotoka.

Kutoka hapo mnaingia vichochoroni, na hapa tofauti ya ziara binafsi na basi la watu arobaini inaonekana wazi. Watu wanne wanaweza kusimama mbele ya mlango mmoja bila kuziba njia. Waonyeshe mlango wa zamani wa mtindo wa Kiomani wenye kizingiti kilichonyooka, kisha ule wa baadaye wenye tao juu, uliopata umbo lake kwa mafundi na matajiri wa Kihindi. Waonyeshe mnyororo, samaki na mtende uliochongwa kwenye mbao. Waeleze baraza za mawe mbele ya nyumba zinatumika kwa nini, na kwamba watu waliokaa pale wakinywa kahawa hawako kwenye maonyesho, basi picha ziombwe kwanza. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Barghash mwaka 1883 na kuporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, litazamwe kutoka Forodhani. Ngome Kongwe iko ubavuni mwake. Njiani kuelekea bandarini kuna mti mkubwa wa Mtini na zahanati ya zamani ya Tharia Topan, yenye roshani za mbao zilizotoboleka kama lesi, na hapo mgeni anakuwa amekwisha kuiona meli yake.

Umri wa abiria unabadilisha mambo mengi. Wengi wao ni wastaafu. Mawe ya Mji Mkongwe hayako sawa, ngazi za kwenda kwenye vile vyumba vya chini ni finyu, na mtu mwenye goti bovu hatakuambia mpaka amechoka. Muulize kabla, kwa maandishi: unaweza kutembea saa moja bila kukaa? Muulize pia siku anayofika. Ijumaa kuanzia saa 6 mchana maduka mengi yanafungwa kwa ajili ya sala. Jumapili asubuhi kanisani kuna ibada. Ramadhani chakula cha mchana kinapangwa hotelini, na mgeni anaelezwa mapema asile wala kunywa barabarani. Mabega na magoti yafunikwe siku zote, kwa heshima ya watu wanaoishi mitaa hii.

Makubaliano yaandikwe. Bei ni ya gari au ya kichwa? Kiingilio cha kanisani na shambani kimo au hakimo? Fedha gani, na zinalipwa lini? Nahodha ana haki ya kuiruka bandari kwa sababu ya upepo au mawimbi, na hilo hutokea, hivyo lazima ijulikane mapema kama malipo ya awali yanarudishwa. Mimi naona yarudishwe yote, kwa kuwa mgeni hakuwa na la kufanya. Magari ya nje kwa kawaida hayaingii gatini bila kibali, basi sehemu ya kukutana itajwe wazi: geti lipi, upande upi, na karatasi yenye jina lake. Wewe unayemwagizia jamaa yako aliye ughaibuni ziara ya namna hii, hakikisha muongozaji ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na mwambie jamaa yako ashuke na nakala ya pasipoti pamoja na namba ya wakala wa meli, ambayo kwa kawaida imechapishwa kwenye ratiba ya siku.

Na wewe kijana unayetaka kuishi kwa kazi hii, usianze kwa kukariri tarehe. Vaa saa, toka Mkunazini hadi geti la bandari kwa mwendo wa mtu wa miaka 70, uandike dakika zako. Rudia siku ya Ijumaa. Rudia siku ya mvua, na siku ambayo boti ya Dar es Salaam imeshusha watu wake wakati huo huo. Ukishazijua hizo dakika, nenda Kamisheni ukaombe leseni kabla ya Novemba.