Mtoto si mlozi: ni wa kulindwa

Mtoto akikojoa kitandani au akipiga kelele usingizini, wengine husema: "Huyu ni mlozi." Mara nyingi ni mtoto aliyefiwa na mama, au aliyekimbia vita. Saa hiyo ndipo anahitaji mtu wa kumshika, kumlisha na kumsikiliza kila siku. Kwa upendo huo mtoto hujifunza kuamini watu, kutulia na kusoma. Tukimshitaki, tunamwondolea mtu huyo, na mwisho wake ni barabarani.

Serikali imeliona jambo hili. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu: kifungo kinaweza kufika miaka 3, kwa kila mtu, hata mchungaji.

Lakini sheria haiwezi kumpakata mtoto usiku. Hiyo ni kazi yetu hapa Kabimba. Katika Marko 10, Yesu aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto. Watoto wenyewe aliwabariki. Basi tuombe pamoja na mtoto, bila kumfunga kamba wala kumnyima chakula, kisha arudi kulala kwao.