Bwawa Lako na Jirani wa Bondeni

Mwenye bwawa la udongo, ukimuuliza kama bwawa lake ni salama, hukutajia kimo cha tuta na miaka ambayo limesimama. Ni vipimo vya kweli, ila havijibu swali. Usalama wa bwawa hutegemea pia nani anaishi chini yake, na pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mabwepande na Bunju upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, hali ya chini hubadilika haraka kuliko bwawa lenyewe. Tuta lililojengwa juu ya shamba la mihogo kwa ajili ya perege au kumwagilia mchicha linaweza, ndani ya miaka michache, kujikuta juu ya nyumba za kupanga, bila mtu kuligusa. Hoja yangu ni kwamba tuta hilo si lile lile tena. Mwenyewe anapaswa kulitunza kwa kiwango cha mtaa uliopo leo, si cha pori lililokuwapo alipochimba.

Jibu linalotangulia huwa kwamba lile ni dimbwi tu. Basi tupige hesabu. Bwawa la mita 60 kwa 50, lenye kina cha wastani wa mita 2, hubeba mita za ujazo 6,000 za maji, yaani tani 6,000, sawa na maboza 600 ya lita 10,000. Tuta la udongo likishapasuka halivuji taratibu: maji huchimba, ufa hupanuka, maji mengi zaidi hupita na kuchimba zaidi. Bwawa hilo likimwagika kwa robo saa, ni karibu tani 7 kila sekunde, zikifuata mkondo ule ule ambao viwanja vyake vimenunuliwa kwa kuwa bei ni nafuu. Huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la Patel lililokuwa katika shamba la watu binafsi lilipasuka wakati wa masika na kuua watu wasiopungua 47. Baadaye mamlaka ya maji ilieleza kwamba halikuwa na kibali. Lilikuwa kubwa kuliko bwawa la kawaida la samaki la pembezoni mwa Dar es Salaam, sibishi. Lakini kilichogeuza tukio lile kuwa msiba ni makazi yaliyokuwa chini ya mteremko.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba mtaa hukua juu ya bwawa pia. Mvua ya milimita 100 kwa siku ikinyesha kwenye hekta 50 ni mita za ujazo 50,000. Ardhi ikinywa nusu, zinazobaki ni zaidi ya mara nne ya bwawa letu la mfano. Mabati na lami vikiongezeka, hata hiyo nusu hainywewi. Maji hayo hutegemea utoro, njia ya pembeni inayotoa maji yaliyozidi ili yasipande juu ya tuta. Utoro uliochimbwa wakati mlima mzima ni mikorosho hautoshi mlima wa mapaa. Na hata huo uliopo mara nyingi umezibwa na mwenyewe: wavu huwekwa samaki wasitoroke, kisha majani na chupa za plastiki hunasa hapo usiku wa mvua kubwa. Kosa hili lina historia. Bwawa la udongo la South Fork, juu ya mji wa Johnstown huko Pennsylvania, Marekani, lilikuwa mali ya klabu ya matajiri wapenda kuvua. Waliweka vyuma vya kuzuia samaki kwenye utoro na kupunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite. Mabomba ya kushushia maji yalikwisha kuondolewa na mmiliki aliyewatangulia. Lilipasuka 31 Mei 1889, watu 2,209 wakafa.

Ndiyo maana, nikilazimishwa kutaja kazi moja tu ya kufanywa kabla ya masika na vuli, nitataja utoro: usafishwe, upanuliwe, na wavu wa samaki uhamie ndani ya bwawa, mbali na mdomo wake. Kisha utazamwe mgongo wa tuta. Njia ya bodaboda au ya ng'ombe huacha bonde dogo juu ya tuta, na maji huanza kupita pale palipo chini kuliko pengine pote. Mpira wa maji ambao mafundi hupimia levo unatosha kupaonyesha. Majani mafupi hulinda udongo, lakini miti haifai, kwa maana mizizi ikioza huacha mashimo, sawa na mchwa, panya na kenge wanavyoacha. Unyevu upande wa chini haumaanishi hatari papo hapo. Maji yakitoka meupe, yafuatiliwe kila siku; yakitoka na tope, yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na hapo bwawa lishushwe, walio chini waambiwe kupitia serikali ya mtaa, na mtaalamu aitwe siku hiyo hiyo. Kukata tuta kwa jembe ili kupunguza maji yaliyojaa ni kulipasua kwa mkono wako.

Pingamizi lenye uzito ni la haki. Mwenye bwawa atasema: mimi nilianza, wao wamenifuata, kwa nini nigharamie usalama wa mtu aliyenunua kiwanja bondeni? Ana sababu ya kulalamika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na kila mtu anaona jinsi mita hizo zinavyoheshimiwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Mabonde waliyoyaacha hayakukaa matupu. Lakini kosa la mipango miji halimpi mwenye bwawa msamaha. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji ni ya umma, naye huyatumia kwa kibali cha bodi ya bonde, ambayo huku ni Wami/Ruvu. Kanuni za usalama wa mabwawa zilifuata mwaka 2013. Na katika sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, kesi maarufu ya Rylands na Fletcher ya 1868 ilihusu bwawa la mtu binafsi: aliyekusanya maji kwenye ardhi yake aliwajibika yalipotoroka na kumdhuru jirani, ingawa mwenyewe hakuthibitika kuwa mzembe.

Inabaki gharama. Kukagua tuta na kufyeka hakuhitaji shahada. Kukadiria upana wa utoro kunahitaji mhandisi, na wenye mabwawa walio kwenye mkondo mmoja wanaweza kumlipa kwa pamoja, hasa kwa kuwa la juu likipasuka huliangukia la chini. Asiyeweza hata hayo, na asiyelihitaji tena bwawa lake, aliondoe: maji yashushwe polepole wakati wa kiangazi, tuta lifunguliwe kwa upana hadi kwenye sakafu ya bonde, bodi ya bonde ikiwa imearifiwa na mhandisi akiwa pale.