Mbwa Wasiobweka: Edith Wharton na Hadithi Yake "Kerfol"

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi hukutana na swali hili kila mara: je, maisha ya mwandishi yana uzito gani katika kuielewa kazi yake? Walimu wengine watakuambia usiyaguse kabisa. Wengine hutumia kipindi kizima kuyasimulia. Katika sura hii tutamchukua mwandishi mmoja wa Marekani, tutazame maisha yake, kisha tuisome hadithi yake moja fupi kwa makini. Hadithi yenyewe haimo katika orodha ya vitabu vyako vya kutahiniwa. Hiyo ndiyo faida yake: huna majibu yake uliyokariri, hivyo utalazimika kusoma.

Maisha ya mwandishi

Edith Newbold Jones alizaliwa New York tarehe 24 Januari 1862, katika familia tajiri. Kuanzia 1866 hadi 1872 familia hiyo iliishi Ulaya, na Edith akajifunza Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano angali mtoto. Hakupelekwa shule. Alisomea nyumbani, na elimu yake kubwa aliipata katika maktaba ya baba yake.

Mambo mawili ya utotoni yanatuhusu sana hapa. La kwanza ni mbwa. Akiwa na umri wa takriban miaka 4 alipewa mtoto wa mbwa mweupe aliyeitwa Foxy. Alipokuja kuandika kumbukumbu zake katika kitabu A Backward Glance (1934), mwanamke wa zaidi ya miaka 70, bado alimtaja mbwa huyo miongoni mwa mambo yaliyomwamsha akatambua kwamba yeye ni mtu mwenye hisia na mawazo yake. Tangu Foxy hadi mwisho wa uhai wake, ni nadra sana kumkuta Edith bila mbwa.

La pili ni hofu. Mwaka 1870, familia ikiwa Ujerumani, alishikwa na homa ya matumbo, akakaribia kufa. Alipoanza kupata nafuu aliomba vitabu, na marafiki wakamletea kimoja chenye hadithi za kutisha. Mtoto mwingine angalikisoma akalala. Edith alikisoma, ugonjwa ukamrudia. Kwa miaka mingi baadaye aliona kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachomfuata, kikimngoja hasa mlangoni anapotaka kuingia nyumbani. Alieleza kuwa hadi alipokuwa na umri wa miaka 27 au 28 hakuweza kulala katika chumba chenye kitabu cha hadithi za mizimu, hata kama kitabu kimefungwa, na kwamba aliwahi kuvichoma moto vitabu vya namna hiyo. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa waandishi bora wa hadithi za mizimu katika lugha ya Kiingereza!

Mwaka 1885 aliolewa na Edward Wharton, aliyeitwa Teddy. Ndoa haikuwa na furaha, na walitalikiana 1913. Walikuwa na jambo moja la pamoja ambalo halikuwahi kuwagombanisha: wote wawili waliwapenda wanyama, na waliunga mkono kazi ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Wakati huo wazo lenyewe lilikuwa bado changa. Chama cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani kilianzishwa na Henry Bergh mjini New York mwaka 1866, wakati farasi wa mikokoteni walikuwa wakipigwa barabarani hadi kuanguka na hakuna aliyeona kosa.

Mwaka 1902 Edith na Teddy walihamia nyumba waliyoijenga Lenox, jimbo la Massachusetts, iitwayo The Mount. Nyumba hiyo ingalipo. Juu ya kilima kidogo, mahali panapoonekana kutoka dirishani, pana makaburi ya mbwa wao, kila kaburi na jiwe lake dogo lenye jina. Asubuhi Edith aliandika akiwa kitandani, mbwa kando yake, akidondosha kurasa sakafuni ili katibu aje kuziokota na kuzipiga chapa. Ndivyo alivyoandika riwaya kama The House of Mirth (1905). Baada ya kuhamia Ufaransa aliendelea na kazi, na mwaka 1921 alishinda Tuzo ya Pulitzer kwa riwaya ya The Age of Innocence (1920), akiwa mwanamke wa kwanza kuipata kwa riwaya.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta Paris. Badala ya kukimbia alianzisha makazi ya wakimbizi, na mwaka 1915 akasaidia kuwapokea watoto waliotolewa Flanders, sehemu ya Ubelgiji iliyokuwa ikipigwa mizinga. Mwaka 1916 serikali ya Ufaransa ilimpa nishani kwa kazi hiyo. Zingatia mwaka huo, kwa maana "Kerfol" nayo ilichapishwa 1916, kwanza gazetini mwezi Machi, kisha katika mkusanyiko wa Xingu and Other Stories.

Alifariki tarehe 11 Agosti 1937 huko Ufaransa. Mbwa wake wa mwisho, Linky, alikuwa amemtangulia miezi michache kabla. Mkusanyiko wake wa mwisho, uitwao Ghosts, ulitoka baada ya kifo chake mwaka huohuo.

Muhtasari wa "Kerfol"

Msimulizi ni mgeni anayeshauriwa na rafiki yake, Lanrivain, akalitazame jumba la kale la Kerfol, eneo la Brittany, Ufaransa, maana linauzwa kwa bei nafuu. Anafika mchana. Hakuna mtu. Anachokuta ni mbwa. Kwanza kijibwa wa rangi ya hudhurungi ya dhahabu, wa jamii ya mbwa wa Kichina. Kisha wengine wanne, kila mmoja wa aina yake. Hawabweki. Hawamsogelei wala hawamkimbii. Wanamtazama tu, na wanapotembea hawasikiki. Anajaribu hata kuwatisha ili wafanye jambo lolote, lakini wapi!

Jioni anawasimulia wenyeji wake, na mke wa Lanrivain anamwambia kuwa Kerfol hakuna mbwa. Hao aliowaona ni mizimu ya Kerfol, ambayo huonekana siku moja tu kila mwaka. Anapewa kitabu cha kale chenye kumbukumbu za mahakama, na hapo hadithi inarudi nyuma hadi karne ya 17.

Yves de Cornault, bwana wa Kerfol, mtu mzima mwenye mali, alimwoa msichana aitwaye Anne. Hakumpiga. Alimletea zawadi kila aliposafiri. Lakini hakumruhusu kutoka peke yake, na watoto hawakujaliwa. Siku moja alimletea kijibwa yule wa dhahabu, na Anne akafurahi kama aliyepata mwana. Kisha Anne akafahamiana na kijana Hervé de Lanrivain, wa ukoo wa yule rafiki wa msimulizi. Kijana alipoaga kwenda safari ndefu, Anne alimpa kitu pekee alichokuwa nacho mkononi: mkufu wa shingoni mwa mbwa. Muda si muda, Anne alimkuta kijibwa juu ya mto wake amekufa, amenyongwa kwa mkufu uleule. Mumewe hakusema neno.

Kuanzia hapo hadithi inakuwa orodha ya viumbe waliookolewa na kuuawa. Watu wa kuhamahama walipita na mbwa wa michezo. Anne alimnunua mmoja aliyeonekana kuteswa. Alinyongwa. Usiku wa baridi kali mbwa mwembamba wa mbio alilia langoni. Anne alimficha katika chumba kisichoingiwa, akamlisha kutoka sahani yake mwenyewe. Alinyongwa. Kisha akamkuta mtoto wa mbwa wa kuchunga kondoo amelala thelujini, mguu umevunjika. Alimfunga mguu, na safari hii akawa mwerevu: alimpeleka kwa mwanamke wa mashambani, mbali, akamlipa ili anyamaze. Usiku ule mbwa alirudi, akichechemea na kulowa, akakwaruza mlango wa aliyemponya. Naye alinyongwa. Mwisho Anne akabaki kumpapasa tu mbwa mzee wa langoni anapodhani hakuna anayemwona. Mbwa huyo naye akatoweka.

Hervé aliporudi na kuomba kuonana naye usiku, Yves alishuka ngazi gizani. Alikutwa juu ya ngazi amekufa, mwili una majeraha ya meno. Mahakamani Anne aliulizwa alisikia nini, akajibu: mbwa. Mbwa gani? Wangu waliokufa. Majaji walichanganyikiwa. Hawakumhukumu kifo wala hawakumwachilia. Walimkabidhi kwa ndugu za mumewe, wakamfungia katika mnara wa Kerfol hadi alipokufa miaka mingi baadaye, akiitwa mwendawazimu.

Tunasoma nini hapa?

Jambo la kwanza ambalo msomaji wa haraka hulikosa ni ukimya. Hadithi nyingi za mizimu zina makelele: milango inabamizwa, sauti zinalia. Hapa mizimu imenyamaza, na unyamavu huo ndio unaotisha. Jiulize ni nani mwingine aliyenyamaza. Yves hakumtamkia mkewe tuhuma yoyote. Alimtumia ujumbe kwa mizoga. Anne naye alilia kwa siri. Mbwa wasiobweka ni taswira ya nyumba ambamo kila mtu anajua na hakuna anayesema. Ukiandika hivyo katika insha yako, umeeleza jazanda. Ukiandika tu kwamba "mbwa wanatisha", umesimulia.

La pili ni haki ya kusikilizwa. Mwandishi hatupi sauti ya Anne moja kwa moja. Tunaipata kupitia karani wa mahakama, kisha mwandishi wa kitabu cha kale, kisha msimulizi anayekisoma. Hadithi imo ndani ya hadithi, na katika kila tabaka kuna mwanamume anayeamua lipi linafaa kuhifadhiwa. Majaji wanataka kujua kama alikuwa na mpenzi. Habari za mbwa wanaziona za kitoto. Lakini kwa Anne mbwa ndio kesi yenyewe: ni ushahidi wa ukatili ambao haukuacha alama mwilini mwake. Sheria ya wakati ule haikuwa na jina la ukatili wa aina hiyo. Je, katika vitabu unavyosoma darasani, ni wahusika wangapi wanaoumizwa bila kupigwa? Fikiria hilo kabla ya kuendelea.

Mbinu ya kisengere nyuma inabebwa na kumbukumbu za kesi. Taharuki inajengwa kwa urudiaji: baada ya mbwa wa pili, tunajua yatakayompata wa tatu, na bado tunasoma kwa matumaini kwamba safari hii atapona. Kinaya kipo katika yule mtoto wa mbwa aliyeondolewa ili aokolewe, na upendo wake ndio unaomrudisha kwenye kifo. Mimi naona hapo ndipo penye uchungu mkubwa zaidi katika hadithi nzima, kuliko hata hukumu ya Anne.

Sasa turudi kwa maisha ya mwandishi

Hapa ndipo watahiniwa huteleza. Ni rahisi kuandika: Edith aliwapenda mbwa, aliachana na mumewe miaka mitatu kabla ya hadithi kutoka, kwa hivyo Anne ni Edith na Yves ni Teddy. Sentensi hiyo inavutia, na haisimami. Teddy alipenda mbwa kama mkewe. Edith hakufungiwa; alikuwa na fedha zake, vitabu vyake, na uhuru wa kwenda alikotaka. Tena mbwa wake wengi walikuwa vijibwa wa jamii za thamani, Pekingese na Chihuahua, si wale walioachwa thelujini. Mwanamke anayeokota mbwa koko usiku ni mhusika aliyemuumba.

Maisha yanasaidia kwa namna nyingine. Mwaka 1924 Edith aliandika katika shajara yake kwamba kwa siri aliwaogopa wanyama wote isipokuwa mbwa, na hata mbwa wengine aliwaogopa. Sababu aliyotoa ni macho yao: ndani yake aliona kitu kinachofanana nasi, na chini yake kitu kisichofanana nasi kabisa. Soma tena ukurasa wa kwanza wa ziara ya Kerfol, mbwa watano wakimkodolea mgeni macho bila kusogea. Upendo na hofu vimekaa pamoja katika macho yale. Mtu asiyewajua mbwa asingeweza kuwaandika hivyo. Wala asiyewahi kuogopa kitabu kilichofungwa.

Pia usisahau mwaka. Mwandishi aliyeshinda mchana kutwa akiwatafutia wakimbizi vitanda aliandika kuhusu mwanamke ambaye kila anachokipa hifadhi kinauawa. Simwambii mtahini kwamba vita ndivyo vilivyozaa hadithi, kwa kuwa siwezi kuthibitisha kutoka kwenye matini. Ninaweza kuonyesha kwamba swali la hifadhi limo humo toka mwanzo hadi mwisho: nani analitoa, nani ana uwezo wa kulivunja.

Ukitumia usuli wa mwandishi katika jibu, basi, uweke katika sentensi moja au mbili, kisha urudi kwenye matini. Alama zako zimo humo.

Swali la kujaribu

"Katika 'Kerfol', waliookolewa ndio wanaotoa hukumu ambayo mahakama ilishindwa kuitoa." Jadili. (Alama 20)

Usianze na majaji. Anza na mbwa wa langoni.