Chombo Kinachoelea Hakijasimama: Mwongozo kwa Anayekodi Yoti ya Matanga kwa Uvuvi

Miongoni mwa huduma za burudani zinazotolewa katika mwambao wa Tanzania ni kukodi yoti ya matanga, pamoja na nahodha wake, kwa ajili ya kuvua kwa mshipi. Chombo hufikishwa karibu na mwamba, injini huzimwa, matanga hushushwa, na wateja hutupa chambo bandia huku wakichukuliwa polepole na upepo na mkondo. Hakuna kelele wala moshi. Utulivu huo ndio unaolipiwa, na utulivu huo huo ndio unaomsahaulisha mteja jambo la msingi: chombo kinachoelea hakijasimama. Katika makala haya tunaeleza namna uvuvi huu unavyofanyika, hatari iliyojificha ndani yake, na mambo ambayo mteja ana haki ya kuyajua kabla ya kulipa.

Chombo huendaje bila tanga wala injini?

Upepo husukuma ubavu wa chombo, mlingoti na kamba zake hata matanga yakiwa chini. Mkondo nao hukibeba chombo kizima pamoja na maji. Mwendo wa maili 1 ya bahari kwa saa huonekana kana kwamba si mwendo. Lakini ni takriban meta 31 kwa dakika, au zaidi kidogo ya meta 300 kwa dakika 10. Ikiwa mwamba uko meta 300 upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, basi muda uliopo kabla ya kuugonga si saa nzima ya kuvua bali ni dakika 10 tu.

Nahodha hodari ana njia mbili za kupunguza mwendo huo. Ya kwanza ni kutupa majini, kwa kamba, mfuko wa turubai wenye umbo la pia, ambao hujaa maji na kukizuia chombo kama breki. Ya pili ni kubakiza matanga kidogo: tanga la mbele huvutwa upande wa joshini, kule upepo unakotoka, na usukani hufungwa ili nguvu hizo mbili zipingane. Yoti hutulia na kuyumba kwake hupungua. Ikiachwa yenyewe, aghalabu hugeuza ubavu kwenye upepo na kuyumbayumba hadi wasiozoea bahari wakatapika.

Majira nayo yana sehemu yake. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Zanzibar hukaribia meta 4, na mikondo huongezeka nguvu kwenye mapengo ya miamba. Maji mafu humfaa zaidi anayejifunza. Aidha, mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini. Upepo wa Kaskazi unapovuma kwa nguvu dhidi yake, mawimbi huwa mafupi na ya kusimama wima.

Chambo laini na uzito wake

Chambo laini ni kipande cha plastiki nyororo chenye umbo la dagaa, kamba au pweza mdogo, kilichovishwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Hutupwa mbele ya mwelekeo wa chombo, huachwa kizame hadi karibu na sakafu ya bahari, kisha huinuliwa na kushushwa kwa mitikisiko midogo. Changu na chewa hukifuata chini. Kolekole hukidaka kikiwa njiani.

Uzito wa risasi hutegemea kina na mwendo. Tuseme kina ni meta 30 na chambo kinazama meta 1 kwa sekunde. Kitahitaji nusu dakika kufika chini, na katika muda huo chombo kinachokwenda maili 1 kwa saa kitakuwa kimesogea meta 15. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali huo nao huwa maradufu, na chambo chepesi kitapitwa kabla ya kufika. Mtoa huduma mwenye uzito wa aina moja tu hajajiandaa.

Panapotarajiwa nguru, kipande cha waya hufungwa kabla ya ndoana, kwa kuwa meno yake hukata mshipi. Ukiona mikia ya chambo imekatwa kama kwa mkasi, huenda ni bunju. Samaki huyo ana sumu isiyoondolewa kwa kupika. Asiliwe, hata kama mwenyeji atasema anajua kumsafisha. Chambo kilichoharibika kisitupwe baharini, kwani hakiozi, na samaki akikimeza hukaa tumboni mwake.

Mshipi, panka na mwamba

Hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya uvuvi huu. Mshipi uliotupwa upande wa demani hukaribiwa na chombo kadiri kinavyosogea. Usipokunjwa kwa wakati hupita chini yake na kunasa kwenye mkuku, usukani au panka la injini. Mshipi wa upande wa joshini huachwa nyuma, mbali na ubavu. Kwa sababu hiyo asiye na uzoefu akae joshini, na anayetupia demani akunje mshipi wake kabla haujaingia chini ya chombo.

Injini ikiwashwa mishipi ikiwa bado majini, panka huweza kuizoa na kuziba. Chombo hubaki bila injini, matanga yako chini, na mwamba unakaribia. Kwa hiyo ni lazima pawepo amri moja inayoeleweka na wote: mishipi yote ndani kwanza, injini baadaye. Nanga nayo iwe tayari kushushwa muda wote.

Sheria inasemaje?

Chini ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, chombo ambacho hakikutia nanga, hakikufungwa ufukoni wala hakikupwelewa huhesabiwa kuwa kiko safarini, hata kama injini imezimwa. Ni lazima awepo mtu wa kuangalia bahari kila wakati. Wala mtu asidhani kwamba kushika mshipi kunamfanya apishwe: kanuni hizo hukipa hadhi ya chombo kinachovua kile tu ambacho zana zake zinakizuia kugeuka. Boti iendayo maili 30 za bahari kwa saa humaliza maili 1 kwa dakika 2. Nahodha anayevua pamoja na wateja bila kumwacha mtu wa kuangalia anakiuka wajibu wake.

Yapo pia maeneo yasiyoruhusiwa kuvuliwa, kama vile mwamba wa magharibi wa Kisiwa cha Chumbe, uliofungwa tangu mwaka 1994. Kuelea hadi ndani ya mipaka hiyo huku mishipi ikiwa majini si udhuru.

Kabla ya kulipa

Tunamshauri mteja:

1. Aombe kuona cheti cha ukaguzi wa chombo, leseni ya nahodha na kibali cha uvuvi.
2. Ahesabu jaketi okozi, moja kwa kila mtu, na avae lake, kwa kuwa mlingoti na kamba humpokonya mtu nafasi ya kusimama imara.
3. Aulize kama kuna redio. Chaneli ya 16 ndiyo ya wito wa dharura.
4. Akubaliane kwa maandishi: saa zinahesabiwa kuanzia wapi, samaki ni wa nani, chambo kikipotea nani analipa, na fedha zinarudishwaje nahodha akiahirisha safari kwa sababu ya hali ya hewa.
5. Adai stakabadhi.

Jambo la nne lina uzito wa pekee. Pasipo makubaliano juu ya kuahirisha, mteja humshinikiza nahodha aende ili fedha zisipotee, na nahodha hukubali ili asizirudishe. Wote wawili huishia mahali ambapo hakuna aliyetaka kuwepo.

Endapo huduma haikuwa kama ilivyoahidiwa, hifadhi stakabadhi, makubaliano na picha, kisha wasilisha malalamiko yako kwetu. Na ukiwa baharini, ukiona mwamba unakaribia na mishipi bado iko majini, usione haya kusema. Haki ya kuuliza haiishii gatini.